Yupo Tu Nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri naamka, kama nilivyoapa.
Saa kumi na moja na dakika tano naapa upya,
nikiwa chini ya blanketi,
maana baridi ya Dodoma mwezi wa saba
haijali kwamba mtu ana sura ya tatu ya kumalizia.

Sura ya tatu ina miaka minne.
Niliianza reli ya umeme ikiwa bado tuta la udongo.
Sasa treni inakwenda Dar na kurudi siku hiyohiyo,
na shujaa wangu bado amesimama mlangoni kwa shemeji yake,
mkono juu,
hajapiga hodi.

Leo atapiga. Nimeketi.
Lakini upepo wa Nkuhungu umenitangulia mezani:
vumbi jembamba, safi, limelala kama ukurasa.
Kwa kidole naandika SURA YA TATU.
Naisoma. Ni nzuri.
Naifuta kwa kiwiko.

Saa mbili maji yanatoka.
Mtu wa Nkuhungu hahitaji kuelezwa zaidi.
Madumu saba, mapipa mawili, beseni, sufuria,
hata ile chupa ya chai isiyo na kizibo.
Narudi mezani nimelowa mpaka magotini,
na wazo nililokuwa nalo limeishia kwenye pipa.

Saa nne Mama Yudita wa jirani anapiga hodi
(kumbe si vigumu hivyo).
"Kwa kuwa wewe huna kazi," anasema, kwa upole kabisa,
"nikuachie mtungi wa gesi, kijana atakuja kuuchukua.
Na hawa vifaranga, uwatupie jicho tu."
Jicho moja natupa kwa vifaranga, jingine kwa shujaa.
Mwewe anachukua kifaranga.
Shujaa hachukuliwi na mtu.

Mama mkwe anapiga simu kutoka Mpwapwa.
"Mwanangu, kile kitabu kimefika wapi?"
"Kiko njiani, mama."
Ananyamaza kidogo.
"Basi hiyo njia haina lami."

Lakini nisiseme sina wasomaji.
Mwaka jana mbuzi wa Chidumizi aliingia uani
akaimaliza sura ya pili yote, mwanzo hadi mwisho,
akilala kivulini kurudia sehemu nyingine kwa kucheua.
Alikohoa mara moja tu, penye harusi.
Pale nimeparekebisha.

Mchana ni ugali wa uwele na mlenda.
Baada ya mlenda mwandishi hufumba macho, atafakari.
Damari, mke wangu, anadai tafakuri yangu
inasikika mpaka barabarani.
Wageni wakimuuliza, mzee anafanya nini siku hizi,
hujibu, "Yupo tu nyumbani,"
kwa sauti ya mtu anayeeleza kabati lilipo.

Jioni namwacha shujaa, najaribu shairi,
maana shairi ni fupi na halina shemeji:

*Kalamu nimeishika, kituo nakitafuta,*
*Vumbi limenifunika, na meza naikung'uta,*
*Chai nayo yamwagika, karatasi yaivuta,*
*Jogoo anapowika,*

Hapo nakwama. Kina cha ta.
Najaribu ukuta. Najaribu bata,
lakini jogoo yumo tayari, watapigana.
Giza linaingia. Luku inalia.
Ndipo Damari anapaza sauti jikoni, akitikisa chupa:

"Humu hamna mafuta!"

Nahesabu vidoleni. Hu, mu, ha, m, na, ma, fu, ta.
Nane!
Naandika upesi, mkono unatetemeka,
nachukua elfu tatu, nakimbilia dukani kwa Msagati,
namsomea ubeti mzima, mara mbili.
Anasikiliza mpaka mwisho, anauliza nataka nini.
Sitaki kitu, namwambia. Narudi natembea kama bwana harusi.

Mlango wa jikoni umerudishwa.
Ndani kikaango kinasubiri, namsikia Damari akikisogeza.
Nimesimama hapa nje, mkono juu.
Sasa namwelewa yule shujaa.
Labda na yeye alitumwa kitu.